Kazi Yako Ionekane: Mitandao ya Kijamii kwa Fundi Anayeanza

Vijana wanaomaliza vyuo vya ufundi huku mashariki mwa Uganda huniuliza swali moja: nitapataje kazi kupitia simu? Wengi wao simu wanazo, akaunti za TikTok na WhatsApp wanazo, na cheti kiko nyumbani ndani ya bahasha. Wanadhani kinachokosekana ni wafuasi. Mimi nafunga umeme wa jua kuanzia Tororo hadi Malaba na Busia, na kazi nyingi nilizopata kwa njia ya simu zililetwa na watu wachache ambao tayari walinifahamu kidogo, ila hawakujua ninafanya kazi gani.

Hilo neno "kidogo" lina uzito. Ndugu zako na marafiki wa karibu wanajua wateja wale wale unaowajua wewe. Lakini mwalimu uliyesalimiana naye kwenye harusi, dereva wa lori uliyemchajia simu, shemeji wa mteja wako wa mwaka jana, hao wanaishi kati ya watu usiowajua kabisa. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alieleza jambo hili mwaka 1973: habari za kazi mara nyingi hutufikia kupitia watu tunaofahamiana nao kwa mbali. Mwaka 2022 watafiti walichapisha matokeo ya majaribio yaliyohusu watumiaji milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi na waajiri, wakaona jambo linaloelekea huko huko. Kwa hiyo anayeanza asihangaike kuwafikia wageni elfu. Aanze na namba zilizomo kwenye simu yake.

Ndiyo maana naanza na WhatsApp. Vijana huiona kama mahali pa salamu na vichekesho, na hapo wanapoteza. Stetasi ya WhatsApp hukaa saa 24, na kwa kawaida haionekani na mtu ambaye hajahifadhi namba yako. Wewe unaweza kuwa na namba za watu mia tatu, lakini kama wao hawajakuhifadhi, unaposti peke yako. Basi kila unapomaliza kazi, kabla ya kufunga begi la vifaa, mwombe mteja ahifadhi namba yako mbele yako, kwa jina linaloeleza kazi. "Fundi Sola Malaba" ni bora kuliko jina lako la ubatizo, kwa sababu siku betri ikizima jirani yake atauliza, naye atatafuta neno "fundi" au "sola" kwenye simu. Jina lako atakuwa amelisahau, na si kosa lake.

Kisha ingia kwenye WhatsApp Business. Ni bure. Inakupa nafasi ya kuandika saa zako za kazi, eneo unalofika, na kuweka katalogi yenye picha za kazi unazofanya. Mteja akiuliza saa tano usiku, ujumbe unaojituma wenyewe humwambia utampigia asubuhi. Huo ni ustaarabu, na mteja anauona.

Sasa uposti nini? Hapa ningependa tukae.

Posti kazi. Wewe ukiwa umevaa miwani mbele ya gari la mtu, hilo halinunuliwi. Piga picha ya nyaya kabla hujazipanga na baada ya kuzipanga. Piga picha ya breka, ile swichi inayokata umeme kukiwa na hitilafu, ikiwa imeandikwa lebo, waya wa athi ukiingia ardhini, paneli ikiwa imeinama vizuri ili maji ya mvua yateremke na vumbi. Kisha andika sentensi mbili za kueleza kwa nini umefanya hivyo. Mtu asiyejua umeme hatapima ubora wa kazi yako kwa macho, lakini atasoma maelezo yako na kuona kwamba huyu anajua anachokifanya na hafichi.

Na kinachozidi picha ni jibu zuri la swali la mtu. Katika kundi moja la WhatsApp la wafanyabiashara wa mpakani, mama mmoja alilalamika kwamba betri yake inaisha saa mbili usiku, na duka lilikuwa limemshauri anunue betri ya pili. Wengi walimjibu kwa kutaja aina za betri. Mimi nilimwomba aniambie ana vifaa gani, kisha nikamwandikia hesabu pale pale. Betri yake ni voliti 12, ampea-saa 100, yaani ukizidisha, wati-saa 1,200 za umeme. Ni ya asidi, na betri ya asidi ukitaka idumu usiinyonye zaidi ya nusu, basi ana 600 za kutumia. Televisheni ya wati 60 kwa saa sita ni 360. Taa nne za wati 9 kwa saa tano ni 180. Redio kubwa ya wati 40 kwa saa nne ni 160. Jumla 700, na invata, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani, nayo hula sehemu yake. Paneli yake moja ya wati 150, kwa muda wa saa tano za jua kali na upotevu wa kawaida, inamrudishia kama 550 tu kwa siku. Betri ya pili ingekaa bila kushiba. Alichohitaji kwanza ni paneli ya pili, au kupunguza redio.

Sikumwambia aniite. Aliniita mwenyewe, na baadaye wakaniita wengine waliosoma ile hesabu kimyakimya bila kuandika neno. Kila swali la hadharani lina wasomaji ambao hawaulizi, na wengi wa hao ndio wenye kazi mfukoni. Kwa hiyo jibu kwa ukamilifu, kwa lugha ya mtu wa kawaida, na usikate jibu katikati ukaandika "nipigie nikueleze zaidi." Watu hunusa haraka anayeficha maarifa ili alipwe.

Kwenye makundi ya watu, heshimu kundi. Kundi la kanisa, la msikiti, la wazazi wa shule, kila moja lina sababu yake ya kuwepo. Ukitupa matangazo humo kila asubuhi watakunyamazisha, na siku utakayosema jambo la maana hakuna atakayelisoma. Omba ruhusa kwa msimamizi mara moja, tangaza mara moja, halafu kaa tayari kusaidia.

Kuhusu mitandao mingine, chagua kwa kuangalia wateja wako wako wapi na bando lako linafika wapi. Huku kwetu mambo haya yana historia yake. Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 tozo hiyo ikaondolewa, ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye data yenyewe. Facebook ilifungwa Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na tangu hapo watu wamezoea kuiingia kwa VPN, programu ya kupita kizuizi cha mtandao. Ukiwa Busia upande wa Uganda, mteja wako wa upande wa Kenya yuko Facebook bila shida yoyote, akinunua na kuuza kwenye makundi yake. Kama unavuka kufanya kazi kule, inafaa uwe na ukurasa. Kama wateja wako wote wako Tororo na Mbale, mimi sioni sababu ya kuitegemea.

TikTok inakufikisha kwa watu usiowajua, na video fupi ya kufunga invata hutazamwa sana. Lakini anayetazama anaweza kuwa Mombasa au Kigoma, na hawezi kukuajiri. Itumie ukiwa na bando la ziada, na kila video itaje wilaya unayofanyia kazi.

LinkedIn ndiyo vijana wanaidharau zaidi, nami naitetea kwa nguvu. Mwenye nyumba hayuko kule. Yuko mhandisi wa kampuni ya sola ya Kampala anayetafuta fundi wa kumsaidia mashariki asilipie gari la kutuma timu. Yuko afisa wa mradi anayesimamia umeme wa zahanati. Kazi moja ya namna hiyo inaweza kuzidi kazi ndogo za miezi kadhaa.

Kule, mstari ulio chini ya jina lako unasomwa kabla ya kitu kingine chochote. Una nafasi ya herufi 220. Usiandike "natafuta kazi." Andika unachofunga, unakifunga wapi, na kibali ulicho nacho. Huku kwetu vibali vya ufungaji umeme hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, kwa madaraja. Kama unacho, taja daraja lako. Kama bado, andika cheti chako cha chuo na fundi mkuu unayefanya kazi chini yake, kwa idhini yake, wala usijipe daraja ambalo huna. Mhandisi atauliza nakala, na uongo mdogo utakufungia mlango mkubwa.

Ukimwomba mtu muunganike, mwandikie sentensi mbili za kweli. Kwa mfano: "Habari mhandisi. Mimi ni fundi wa sola Tororo, nimesoma maelezo yako kuhusu kuhifadhi betri kwenye joto na yamenisaidia." Basi. Usiombe kazi siku hiyo. Soma anachoandika, changia unapojua, na akiwa na swali kuhusu barabara za huku au bei ya usafiri wa paneli, mjibu.

Jambo moja nalisema kwa uchungu kwa sababu linahusu usalama wa watu. Paneli na betri huibwa. Usiposti picha inayoonyesha geti, namba ya nyumba, duka la jirani au sura ya mteja. Piga picha kwa karibu, taja wilaya tu, na omba ruhusa hata kama ni ukuta mtupu. Uganda ina sheria ya kulinda data na faragha tangu 2019, lakini hata bila sheria, mtu aliyekuingiza chumbani kwake amekuamini. Na ukiona tangazo la kazi mtandaoni linalokudai "ada ya usajili" kwa pesa za simu kabla hujakutana na mtu yeyote, liache.

Kuna kazi nyingine ya mitandao ambayo mafundi wengi hawaifanyi kabisa, nayo ni kuwarudia wateja wa zamani. Mvua zetu huja mara mbili kwa mwaka, kuanzia Machi na kuanzia Septemba. Wiki chache kabla, waandikie wateja wako mmoja mmoja, kwa jina na kwa heshima inayomfaa kila mmoja. Usiwatumie wote ujumbe ulionakiliwa. Wengi watakujibu kwa shukrani tu, na baadhi wataupeleka ujumbe wako kwa jirani. Wangu huwa hivi: "Shikamoo mzee. Mvua zinakaribia. Tafadhali mwombe kijana apande afute vumbi kwenye paneli asubuhi mapema kabla hazijapata joto, kwa kitambaa laini na maji, bila sabuni ya unga. Ukiona taa nyekundu kwenye invata, nipigie picha unitumie, nitakuambia kama inahitaji nije au la. Kuuliza ni bure."