Jibu: Mume anapungua haraka, mimi sipungui

Hongera kwa ndoa, dada. Umesema tangu harusi mlinenepa wote, mkaanza kujibana pamoja, na sasa mumeo kapungua kilo nne wewe moja tu, unataka kuacha. Usiache. Wanaume kwa kawaida wana misuli mingi zaidi, na misuli hutumia nishati hata mtu akiwa amelala, kwa hiyo mizani yake itatangulia. Msishindane kwa kilo. Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani kila baada ya wiki mbili.

Ningeanzia kwenye dumu la mafuta. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120, na wengi wetu tunamimina tu sufuriani kwa macho. Pima kwa kijiko. Mchicha wa nazi endelea nao, ila tumia tui jepesi. Na ugali pakueni kila mtu sahani yake. Mkila sinia moja, utajikuta unafuata kasi yake, tonge kwa tonge, hata ukiwa umeshiba.

Mazoezi, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki. Kutembea haraka nusu saa, siku tano, kunatosha. Gym si lazima.

Kama mnatafuta mtoto, nakusihi usijinyime chakula wala usinywe zile chai za kukata tumbo. Pita kliniki kwanza, uulizie na vidonge vya foliki asidi, vitamini ya kujiandaa na ujauzito.