Tija ya gereji hupotea gari likiwa limesimama

Kwa miaka tisa nimeendesha gereji ndogo Mwananyamala, Dar es Salaam, na kwa muda mrefu niliamini kwamba kazi ikichelewa, fundi ni mzembe. Siku moja nilifungua kaunta buku nikaanza kuandika saa gari lilipoingia, saa fundi alipoanza kulishughulikia na saa lilipotoka. Toyota IST iliyoletwa kubadilishwa brekipedi, kazi isiyozidi saa moja, ilifika saa tatu asubuhi ikaondoka saa kumi na moja jioni, kwa sababu fundi alipanda daladala kwenda Kariakoo kununua spea, akarudi na zisizolingana na gari lile, akalazimika kwenda tena. Mikono yake haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo, wewe mwenye saluni, mgahawa au gereji, kabla hujakopa fedha za kununua mashine, andika kwa wiki mbili muda ambao kazi inalala ikisubiri. Sisi sasa tunamwomba mteja picha ya kadi ya gari siku moja kabla, tunampa muuza spea namba ya chasesi, na bodaboda huleta mzigo asubuhi. Malipo ni kwa simu, na tangu mitandao ya Tanzania ilipoanza kuunganishwa mwaka 2014, mteja anaweza kutuma kutoka mtandao mwingine bila kumtafuta wakala. Mafundi ni walewale watatu, lakini magari manne kwa siku yamekuwa saba.

Serikali nayo ina sehemu yake. Mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, ulioanza kutekelezwa Julai 2019, ulilenga kupunguza tozo na ukaguzi unaorudiwa na taasisi tofauti. Kila siku ninayoshinda kwenye foleni ya kibali ni siku ambayo gereji haina msimamizi.

Jambo ninaloona limepuuzwa zaidi ni ujuzi. Fundi wangu mkubwa alijifunza chini ya mwembe, bila cheti, hadi nilipompeleka VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwenye mpango wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini, ambako walimpima kwa vitendo na kumwonyesha mapengo yake, hasa katika umeme wa magari. Zamani alibadilisha sensa (vihisi) tatu za gari kwa kubahatisha. Siku hizi hupima waya kwanza, na mara nyingi hakuna spea ya kununua kabisa.