Msiba ukikukuta una baipola, linda usingizi kwanza

Msomaji ameniandikia akiwa msibani. Mama yake amezikwa jana, yeye ana baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, anatumia lithiamu, dawa ya kuutuliza, na mashangazi wanamwambia mtoto wa marehemu hatakiwi kulala. Pole sana, mdogo wangu. Nenda kalale.

Kukesha huamsha mania, yaani ile hali ya kupanda, ya nguvu na msisimko uliopitiliza, na kwa wengine usiku mmoja tu unatosha. Msibani wageni huingia mpaka usiku wa manane, kahawa haikauki, magodoro yametandazwa sebuleni. Omba chumba kwa jirani, ulale saa zako za kila siku, na kahawa iishie mchana. Tafuta wifi au binamu mmoja awaambie wazee kwamba daktari kakataza kukesha. Wataelewa.

Kama mnasafirisha mwili kwenda kijijini, dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiingie kwenye buti la basi. Usiache lithiamu ghafla. Hata chakula kisipopita, kunywa maji, kwa sababu mwili ukikaukiwa lithiamu hujaa kwenye damu. Kichwa kikiuma kwa kulia, meza parasetamoli. Ibuprofeni na diklofenaki huzuia figo kuitoa lithiamu, na msibani kila mtu ana kidonge cha kukugawia. Ukianza kutapika, kuharisha, kutetemeka sana, kuyumba au ulimi kuwa mzito, usimeze dozi inayofuata. Nenda hospitali saa hiyohiyo wakupime kiwango cha lithiamu kwenye damu.

Kulia, ukatulia, ukacheka kwa kumkumbuka marehemu, kisha ukalia tena, huo ni uchungu wa kawaida. Ogopa siku utakapolala kwa muda wa saa tatu tu ukaamka na nguvu, ukashika shughuli zote, ukaahidi kaburi la marumaru. Watu watakusifu kwamba umejikaza, kumbe unapanda. Kwa hiyo daftari la rambirambi na fedha zake ashike mtu mwingine tangu siku ya kwanza, na mambo ya mirathi usiyatie saini mpaka utulie.

Wengi huanguka baada ya matanga, nyumba ikishabaki kimya. Weka miadi ya kliniki ya wiki hiyo mapema. Ukiandikiwa dawa ya sonona, taja kwamba una baipola, maana ikitumika peke yake inaweza kukupandisha. Na wazo la kumfuata marehemu likija, mwambie mtu aliye karibu akupeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.