Sista Anajibu: Mgonjwa Akisharudi Nyumbani

Barua nne za mwezi huu zimetoka Newala, Lindi mjini, Kilwa na Masasi, na ingawa walioziandika hawajuani, wote wanagusa jambo moja: kile kinachopotea njiani kati ya kitanda cha wodini na kitanda cha nyumbani. Ya Newala nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu mwenye kuiandika ana mgonjwa ndani hivi sasa.

Shikamoo Sista. Baba yetu ana miaka 67. Alipata kiharusi katikati ya msimu wa korosho, upande wa kulia ukapooza, akalazwa siku tisa kisha akaruhusiwa. Tulipewa bahasha za dawa tukaambiwa tumgeuze mara kwa mara na tusimpe chumvi. Wiki ya tatu tuliona kidonda juu ya makalio, na sasa kinanuka. Dawa za presha tuliziacha kwa kuwa alipopimwa zahanati presha ilikuwa imeshuka. Je, tumekosea sisi au wamekosea wauguzi? – Msomaji, Newala

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Kidonda kinachonuka hakitibiwi kwa barua. Mpelekeni baba hospitali leo hii, au kesho asubuhi ikiwa leo usafiri umeshindikana, na mchukue bahasha zote za dawa, hata zilizokwisha, ili daktari aone alikuwa anatumia nini na mmweleze ni lini mliacha. Presha yake ilishuka kwa sababu dawa zilikuwa zinafanya kazi. Hazikuwa zimeuondoa ugonjwa, na mtu aliyekwisha kupata kiharusi akiziacha hukaribisha cha pili.

Kuhusu nani amekosea, nitasema wazi. Maagizo ya kumgeuza mgonjwa mara kwa mara ni sahihi, lakini hayatoshi. Kwa muuguzi, mara kwa mara ni kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Kwa familia ambayo haijawahi kuuguza mtu aliyepooza, mara kwa mara ni asubuhi wakati wa kumwogesha na jioni wakati wa kutandika kitanda. Hamkuzembea, mlifanya mlichokielewa, na hakuna aliyewauliza mmeelewa nini.

Kidonda cha kulalia hutokea pale uzito wa mwili unapobana mishipa midogo ya damu kati ya mfupa na godoro. Nyama iliyokosa damu kwa saa kadhaa huanza kufa, na mara nyingi huanzia chini karibu na mfupa, ndiyo maana shimo huwa kubwa kuliko ngozi ilivyoonyesha. Mimi na wewe tukilala vibaya hujigeuza bila hata kuamka. Baba hawezi kujigeuza, na upande uliopooza pengine hauhisi maumivu ya kumfanya alalamike, kwa hiyo msingoje alalamike.

Mtakaporudi naye nyumbani, andikeni karatasi muitundike ukutani: saa 12 ubavu wa kushoto, saa 2 ubavu wa kulia, saa 4 wa kushoto, na kuendelea, pamoja na jina la mwenye zamu ya usiku, kwa maana usiku ndiko vidonda hivi huzaliwa. Kwa kuwa chake kiko juu ya makalio, asilazwe chali. Akiwa ubavuni asilalie mfupa wa nyonga moja kwa moja; mwinamisheni kidogo tu, mgongo ukiegemea mto au blanketi lililokunjwa. Mto mwingine uwekwe chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa godoro. Mnapomsogeza msimburute, kwani ngozi ya mzee huchubuka kwa msuguano. Watu wawili washike shuka aliyolalia na kumwinua. Duara la mpira au la nguo ambalo watu hupenda kumkalisha mgonjwa juu yake liacheni, kwa kuwa hubana damu pande zote za duara hilo.

Vitabu vingi huwaelekeza wauguzi kutafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuteni mahali palipokuwa peusi kuliko pembeni yake, au palipo pamoto, pagumu au palipovimba kidogo, hasa kwenye visigino, nyonga, viwiko na uti wa mgongo kwa chini. Mkipaona, msipasugue kwa mafuta kwa nguvu kama wengi wanavyofanya kwa nia njema. Ondoeni uzito hapo. Mkojo nao hulainisha ngozi na kuiharibu, kwa hiyo akilowa abadilishwe mara moja. Najua Newala maji yana gharama yake na mwenye kuyapata hayamwagi ovyo, lakini kazi hii haihitaji ndoo nzima: bakuli moja, kitambaa laini, kisha kukausha vizuri.

Katika chakula, mkalisheni wima anapokula, mpeni kijiko kidogo kidogo, mhakikishe amemeza kabla ya kingine, na mchungulie ndani ya shavu la upande uliopooza, kwa sababu chakula hujificha humo na kinaweza kumpalia baadaye. Abaki amekaa kwa muda wa nusu saa baada ya kula, kisha arudi ubavuni. Akikohoa kila anapomeza, waambieni wauguzi kabla hamjamlisha tena.

Chumvi nayo imeelezwa nusu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani karibu kijiko cha chai kilichosawazishwa, na hesabu hiyo inajumuisha chumvi iliyomo ndani ya vyakula. Nimeona familia zikiondoa chumvi kwenye sufuria ya mboga, kisha zikamwekea mgonjwa ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi, juu ya ugali wa muhogo. Kipande hicho kimoja kinaweza kubeba chumvi kuliko sufuria nzima. Samaki mbichi anamfaa zaidi.

Sista, mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Usiku tunakuwa wawili kwa wodi nzima. Asubuhi tunatoa elimu ya afya kwenye mabenchi ya kliniki, lakini wagonjwa walewale wanarudi na matatizo yaleyale. Nifundishe saa ngapi? – Msomaji, Lindi mjini

Dada yangu, uchovu wako naujua kwa miguu yangu mwenyewe, na sitakuambia kwamba moyo wa kujitolea unaziba pengo la watumishi, kwa sababu hauzibi. Ninachokataa ni wazo kwamba kufundisha ni kazi ya pembeni inayosubiri kazi za kweli ziishe. Virginia Henderson, mwalimu wa uuguzi kutoka Marekani, alieleza kazi yetu kuwa ni kumsaidia mtu kufanya yale ambayo angejifanyia mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au maarifa yanayohitajika, na kumsaidia kwa namna itakayomrudishia kujitegemea mapema. Dawa na chakula hurudisha nguvu. Maarifa hayapatikani kwa dripu.

Elimu ya kwenye mabenchi inafaa kwa mambo ya wote: chandarua, chanjo, kunyonyesha maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Haimfai mtu mmoja anayetakiwa kujichoma insulini kesho asubuhi. Huyo mfundishe huku mikono yako ikiwa kazini. Unapofunga kidonda, mwite ndugu yake asimame karibu aone. Siku ya pili akushikie vifaa. Siku ya tatu afunge yeye na wewe utazame. Hujaongeza saa hata moja kwenye zamu yako. Anza siku ya kulazwa, usingoje siku ya kuruhusiwa, ambapo gari limeshafika, mizigo imefungwa, na akili ya mgonjwa iko Nachingwea.

Kisha acha kabisa kuuliza, «Umeelewa?» Mzee wetu wa huku hatamwambia mtu aliyevaa sare nyeupe kwamba hakuelewa; atasema, «Ndiyo, sista,» kwa heshima. Nilipokuwa mgeni kazini, katika hospitali nisiyoitaja, nilimkabidhi bibi mmoja bahasha iliyoandikwa 1×3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, nikamweleza kwa Kiswahili cha haraka, naye akaitikia kila neno. Alirejea baada ya siku chache akitapika. Alikuwa amemeza vidonge vitatu kwa mpigo kila asubuhi. Nilipotafutiwa mtu wa kuzungumza naye Kimakonde ndipo nilipojua kwamba alichokuwa akiitikia ni sauti yangu, si maneno yangu.

Tangu siku hiyo nauliza hivi: «Bibi, ukifika nyumbani mjukuu akikuuliza dawa hii inamezwaje, utamjibu nini?» Kisha nanyamaza. Akikosea, kosa nalichukua mimi, namwambia sikueleza vizuri, naanza upya kwa maneno mengine. Inachukua dakika mbili au tatu. Usimpe zaidi ya mambo matatu kwa mara moja: dawa inamezwaje, dalili gani imrudishe haraka, na tarehe ya kurudi ni lini. Mambo kumi yakisemwa mlangoni hubaki mlangoni.

Hiyo tarehe ya kurudi nayo iulizie. Ukimpangia mkulima wa Ruangwa kliniki katikati ya kuokota korosho na kusubiri mnada, haji, na kwenye daftari tutaandika kwamba ni mtoro. Muulize mapema ni wiki gani anaweza, na kama hawezi, muone na daktari namna ya kumpa dawa za muda mrefu zaidi. Yote uliyomfundisha yaandike na uyataje mnapokabidhiana zamu, ili mwenzako aendelee ulipoishia badala ya kuanza mwanzo.

Mama yangu ana kisukari. Miguu yake ina ganzi, na kila jioni anailoweka kwenye maji ya moto yenye chumvi anasema inamsaidia. Shambani anakwenda peku. Nimwambieje bila kumvunjia heshima? – Msomaji, Kilwa

Mwambie kwamba ganzi hiyo ni dalili kuwa sukari imeumiza mishipa ya fahamu, na mguu usiohisi hauwezi kumwonya. Wanawake wanaobangua korosho wanajua mafuta ya ganda lake yanavyochoma ngozi. Mtu mwenye hisia huondoa mkono papo hapo, lakini mwenye ganzi ataungua aje kuona lengelenge kesho yake. Maji ya moto ni hivyohivyo. Anaweza kujibabua huku akisifu kwamba leo yametulia.

Kwa hiyo aache kuloweka. Aoshe miguu kwa maji ya uvuguvugu yaliyopimwa kwa kiwiko, na wewe ndiye upime, kisha akaushe hadi kati ya vidole. Avae viatu vilivyofunika vidole hata uani, akivikung'uta kwanza, kwani nimeona kidonda kilichosababishwa na punje ya mchanga mgumu iliyokaa ndani ya kiatu siku nzima. Sugu asizikate kwa wembe. Jambo ambalo halitamvunjia heshima ni hili: kila jioni kaa chini, mpakate miguu umtazame nyayo, kama yeye alivyokutazama wewe ulipokuwa mtoto. Ukiona mchubuko, lengelenge au sehemu iliyobadilika rangi, nendeni kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama yeye anasema haumi.

Je, ni utovu wa adabu kumwuliza muuguzi jina la dawa anayonipa? – Msomaji, Masasi

Si utovu wa adabu hata kidogo. Uliza jina lake, inatibu nini, unaimeza kabla au baada ya kula, na ukisahau ufanyeje. Kisha mwombe aandike kwenye bahasha kwa maneno: kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku.