Mashine ya pili iwe inacheza, isiwe kwenye begi

Jumamosi iliyopita, kwenye sendoff moja hapa Dar es Salaam, kompyuta yangu kubwa ninayopigia muziki iliganda bibi harusi mtarajiwa akiwa katikati ya zulia. Skrini tuli, mshale haujongei. Kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, nikashusha chaneli ya 5 na 6 za kompyuta hiyo, nikapandisha ya 7 na 8 za kompyuta ya pili iliyokuwa inacheza wimbo uleule. Wimbo ukaendelea palepale ulipokuwa. Shangazi zake hawakuacha kucheza, wapiga picha hawakugeuza shingo, hata MC aliyekuwa ameegemea meza yangu hakugundua kitu. Tuliojua ni mimi na kijana wangu wa waya, na yeye alikuwa ameshika pumzi.

Namshukuru Mungu, na ninajivunia. Nimeilipia ile hatua ya sekunde moja kwa gharama kubwa.

Miaka 7 iliyopita nilikuwa na kompyuta moja. Maharusi wameingia ukumbini, wimbo una kama sekunde 40, Windows ikajizima ili ijiapdeti. Asilimia zikaanza kuhesabu pole pole kwenye skrini, 3, 4, 7, na ukumbi mzima kimya, unasikia vijiko vya wapishi nyuma. Nikachomoa waya nikauchomeka kwenye simu yangu, nikautafuta wimbo kwa vidole vinavyotetemeka, ukaanza. Haukufika mbali. Simu ikaita, na mlio wangu ukatoka kwenye spika zote. Nilimwona mama mzazi wa bwana harusi akishika kichwa.

Mwenyekiti wa kamati alichukua maiki akasema mbele ya wageni kwamba mpiga muziki amewaharibia shughuli. Salio langu, shilingi 200,000, sijalipwa mpaka leo. Pesa niliisamehe. Ile maiki bado inaniuma, kwa sababu vijana wangu walikuwepo wakisikia, na mwezi uliofuata kamati mbili zilizokuwa zimeniita zikaacha kupokea simu.

Sasa wengi mnaniandikia mkiuliza spika gani mnunue, inchi 15 au 18. Najua mnataka kazi kubwa, kumbi kubwa, hata mimi nazitaka. Lakini ndugu zangu, mgeni akitoka ukumbini hasimulii inchi. Anasimulia muziki ulipokatika. Kabla ya spika nyingine, tafuta kompyuta ya pili, hata iliyotumika.

Na hiyo ya pili isikae kwenye begi. Iwashe, iwe na orodha ileile ya nyimbo kwa mpangilio uleule, iwe na waya wake na chaneli zake kwenye mikisa. Mimi nabonyeza zote mbili kwa pamoja, mkono wa kulia na wa kushoto, ya pili ikiwa imeshushwa chini kabisa. Zikipishana kidogo hakuna atakayejua, kwa kuwa inasikika moja tu. Wenye ziara kubwa za muziki wana kisanduku kinachofanya kazi hii chenyewe, mfano SW8 ya Radial: mashine ya kwanza inatuma mlio wa ulinzi wakati wote, mlio ukikatika kisanduku kinahamia ya pili. Sisi tuna vidole, vinatosha.

Zote mbili zima intaneti, zima apdeti, zima kulala kwa skrini. Zima kabisa, usiahirishe.

Kuhusu Bluetooth nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Mchana ukijaribu ukumbi ukiwa mtupu inacheza vizuri, unatembea nayo mpaka mlangoni. Usiku inakatika-katika, unalaumu spika. Kosa si la spika. Bluetooth inasafiri kwenye masafa ya 2.4 GHz, na mwili wa binadamu, ambao sehemu kubwa ni maji, unayameza masafa hayo. Jaza watu 400 kati yako na spika, kila mmoja na simu mfukoni, halafu tegemea muziki wa kuingia maharusi. Tumia waya. Nimeona vijana wazuri wakiaibika kwa sababu ya kukwepa waya wa mita 10.

Umeme: kompyuta ina betri, mikisa haina. Umeme wa TANESCO ukikatika, kabla jenereta haijashika, mikisa inazimika, na ya kidijitali inachukua muda kuamka. UPS ndogo, yaani betri ya dharura, ya mikisa peke yake inatosha. Ukisikia mvumo baada ya kuhamia jenereta, usikate waya wa ethi hata siku moja, utaua mtu. Pitisha kompyuta kwenye kisanduku cha DI chenye transfoma, kile kidogo kinachokaa kati ya kompyuta na mikisa.

Nyimbo ziombe siku 2 kabla, na zikitumwa kwa WhatsApp zitumwe kama hati. Zisikilize zote mpaka mwisho, kwa sababu faili lililorekodiwa kwa kasi ya sampuli ya 44.1 kHz likichezwa kwa 48 kHz bila kugeuzwa linakimbia karibu asilimia 9, na kwaya ya kanisa inasikika kama watoto. Nilizisikiliza zote za Jumamosi, mara mbili, kwenye kompyuta zote mbili.

Na MC akikujia na flashi wakati maharusi wameshafika mlangoni, mwambie hapana. Mwambie kwa heshima, "MC, kaka yangu, hii tutaipiga wakati wa chakula," lakini mwambie hapana.