Usisaini karatasi za shamba la baba ukiwa umesimama mlangoni

Mimi nilisaini nimesimama mlangoni, mwiko mkononi, ugali bado uko motoni. Ndugu yangu mkubwa alikuwa ametoka Lugari alfajiri na matatu mpaka kwangu Nakuru, amebeba bahasha ya kaki, akaniambia dada hizi ni za chifu tu, weka sahihi hapa na hapa nisikose gari ya kurudi. Tulikuwa tumemzika baba miezi kadhaa tu iliyopita. Sikusoma hata mstari mmoja, ni ndugu yangu, ningesoma nini?

Kumbe karatasi moja ilisema nimekubali yeye awe msimamizi wa mali peke yake, na ya pili ilisema nimekubali ekari zote 5 zigawanywe kwa vijana watatu. Sisi wasichana wawili, hakuna. Mama, hakuna. Nilijua siku kitinda mimba alinipigia simu usiku akilia, kuna mtu amekuja kupima upande wa mtoni na anasema ameshalipa deposit.

Sasa nawaambia wenzangu, hasa walioolewa mbali na nyumbani: hiyo fomu ya kukubali ndiyo mlango wenyewe, soma, piga picha kila ukurasa, lala nayo. Sheria ya Urithi ya Kenya, sura ya 160, ilianza kutumika 1981 na haiangalii nani ameolewa na nani hajaolewa, mtoto ni mtoto. Mjane ana haki ya kuishi pale na kutumia hiyo mali maisha yake yote, hafukuzwi. (Kama nyinyi ni Waislamu sheria hii si yenu, nendeni kwa Kadhi.) Na kuuza kipande kabla korti haijathibitisha mgao ni kosa, faini mpaka shilingi 10,000 au jela mpaka mwaka 1 au vyote viwili, kwa hivyo yule mnunuzi alikuwa ananunua hewa.

Kilichotuokoa ni muda. Ombi la kuwa msimamizi likishachapishwa kwenye Gazeti la Serikali kuna siku 30 za kupinga, hizo zilinipita, lakini hata baada ya msimamizi kupewa cheti kawaida anangoja miezi 6 ndio korti ithibitishe nani anapata nini, na hapo ndipo niliweka kiapo cha kupinga. Nauli ya kwenda kortini na kurudi, kesi inaahirishwa, unarudi tena, nilichoka jamani. Ndugu yangu hakunisalimia karibu miaka miwili na hiyo iliniuma kuliko shamba.

Tulielewana siku mama alileta daftari la baba. Baba alikuwa anaandika kila kitu. Ng'ombe wawili waliouzwa nikienda koleji, wapo. Ploti ya sokoni aliyompa ndugu yangu mkubwa akioa, ipo. Mahindi gunia ngapi, za nani. Mama akasema someni kwa sauti, tukasoma tukiwa tumekaa chini ya mwembe, na mimi ilibidi niseme mbele ya wote kwamba ndiyo, nilikula ng'ombe wawili. Hata sheria inasema alichopewa mtoto baba akiwa hai kinahesabiwa kwenye fungu lake. Hapo ndipo ndugu yangu alinyamaza, akasema basi ploti ihesabiwe.

Kama hamna daftari, kaeni muandike wenyewe kabla ya kwenda kwa chifu kuchukua barua, majina ya watoto wote, hata yule wa nje mnayemjua na hamtaki kumtaja, kwa sababu akitokea baadaye cheti kinaweza kufutwa na mnaanza upya.

Mwishowe mama alibaki na nyumba na ekari 1 yake, zingine tukagawana watano, ndugu yangu akachukua kidogo kwa sababu ya ploti. Saveya alipomaliza kupima, ndugu yangu mwenyewe ndiye alikuja na miche ya lusiola, akachimba shimo la kwanza kwenye mpaka wangu na wake, akaniambia shika huu mti usimame wima.