Bolinas: kibao hakuna, maji ndiyo mwenye mji

Aliyeuliza kama kweli kuna kijiji California kinachojificha kwa wageni: ndiyo, kipo. Ni Bolinas, pwani ya Kaunti ya Marin, kaskazini mwa San Francisco. Barabara kuu namba 1 inapita karibu tu, lakini kila mara serikali ilipoweka kibao cha kuonyesha pa kukata kona, wenyeji walikuwa wakiking'oa. Mwaka 1989 waliulizwa kwa kura kama wanataka kibao. Wakakataa.

Watu hupenda kusimulia habari za vibao, ila mimi naona hivyo ni vituko tu. Kinachozuia watu hasa ni maji. Tangu 1971 mamlaka ya maji ya pale ilisitisha kuunganishia wateja wapya, kwa hiyo ukinunua kiwanja kisicho na mita ya maji, umenunua mahali pa kutazamia bahari. Mwaka 2005 mita moja ilipigwa mnada ikavuka dola 300,000. Hapo hujaweka hata tofali!

Kisheria Bolinas si mji. Haina meya wala baraza lake, ulinzi ni wa sherifu wa kaunti, na mengi huamuliwa San Rafael, makao makuu ya kaunti. Bodi ya maji wanaichagua wenyewe, ndiyo maana ina nguvu kuliko jina lake linavyoonyesha. Wageni wa ufukweni wanafika bila shida siku hizi, ramani ya simu haing'oleki. Kupata nyumba ya kupanga kwa mshahara wa kawaida, hiyo ndiyo kazi.